Kitabu, kijaluba au simu bapa: kuchagua simu ya kukunjika ya mwanzo ukiwa Unguja au Pemba

Pale Darajani muuzaji hapotezi muda kukueleza simu ya kukunjika. Anakuwekea kiganjani ikiwa imefungwa, anasema, "Shekhe, ifungue mwenyewe." Unaifungua, kioo kinatanuka mbele yako, taa za duka zinameremeta juu yake, na hapohapo hesabu ulizotoka nazo nyumbani zinayeyuka. Yamenipata mimi, na nimeona yakiwapata watu makini kuliko mimi. Ndiyo maana nataka tuzungumze kabla hujafika dukani.

Ninaposema simu za kukunjika za mwanzo nakusudia zile zilizotoka kati ya 2019 na 2021. Wakati huo zilikuwa mbali na mifuko yetu: Galaxy Fold ya Samsung ilitangazwa kwa dola 1,980, Huawei Mate X kwa euro 2,299, Motorola Razr kwa dola 1,499, na Galaxy Z Flip kwa dola 1,380. Miaka imepita, wenyewe wa kwanza wameshahamia matoleo mapya, na zile za mwanzo zinatufikia zikiwa zimetumika, nyingi ndani ya mabegi ya wasafiri wa Dubai na Maskati. Bei imeshuka hadi pale ambapo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuanza kupiga hesabu. Na akishaanza kupiga hesabu, anakwama: achukue ipi, au aache zote anunue simu ya kawaida?

Ya kufunguka kama kitabu nimeitumia mwaka na nusu. Ya kukunjika katikati kama kijaluba nimekaa nayo miezi minane. Ile inayokunjika kwa nje nimekaa nayo wiki moja tu, ya jamaa yangu, kwa hiyo pale ninapoizungumzia zaidi nategemea jinsi ilivyotengenezwa kuliko mazoea ya mkono.

Makundi yenyewe

Kitabu ni ile ambayo ikifungwa ni simu nyembamba yenye kioo cha nje, na ikifunguliwa ubavuni inakuwa karibu mraba. Humo wamo Galaxy Fold ya 2019, Z Fold2 ya 2020, Z Fold3 ya 2021, na za China kama Xiaomi Mi Mix Fold na Oppo Find N, zote mbili za 2021.

Kijaluba jina nimelitoa kwa bibi yangu. Alipoiona ikifungwa mara ya kwanza alisema, "Hicho si kijaluba cha tambuu?" Ikiwa wazi ni simu ndefu ya kawaida, ikifungwa inakuwa nusu yake. Humo wamo Motorola Razr, iliyotangazwa Novemba 2019 na kuanza kuuzwa Februari 2020, Galaxy Z Flip ya Februari 2020, na Z Flip3 ya Agosti 2021.

Ya kukunjika nje ni Huawei Mate X ya 2019 na ndugu yake Mate Xs ya 2020. Hizi kioo ni kimoja tu, kinazunguka mwili mzima, mbele na nyuma.

Halafu ipo simu bapa, hii tuliyoizoea, isiyokunjika. Naiweka mezani kwa sababu pesa utakayotoa kwa simu ya kukunjika iliyotumika inaweza kukununulia simu bapa mpya na nzuri, na si haki kuilinganisha ya kukunjika na za kukunjika wenzake tu.

Mizani ya kupimia

Nimezipima kwa mambo sita: kioo na mkunjo wake, mchanga, maji na chumvi, jinsi inavyokaa mkononi na mfukoni, betri, laini na programu, na mwisho fundi na kipuri. Kamera sikuiweka. Katika kundi hili zote zinapiga picha za kutosha kwa mtu wa kawaida, na anayetaka kamera bora kuliko zote simu bapa ya bei hiyohiyo itamfaa zaidi.

Kioo na mkunjo

Kioo kinachokunjika hakiwezi kuwa kioo kigumu kama tulichozoea. Galaxy Fold, Razr na Mate X zilitoka na plastiki tupu juu. Z Flip ndiyo iliyokuja na kioo cha kweli chembamba mno, kiasi cha milimita 0.03, lakini juu yake bado upo utando wa plastiki. Kwa hiyo unachokigusa kwa kidole ni plastiki vilevile, na ukucha mrefu ukikandamiza unaacha alama. Akina dada wenye kucha ndefu, hili mlishike. Motorola yenyewe iliwaambia wanunuzi wa Razr kwamba vinundu na mabonde madogo kwenye kioo ni jambo la kawaida.

Mkunjo unaonekana. Muuzaji atakwambia hauonekani kwa sababu anakuonyesha picha nyeupe inayong'aa; mwambie aweke picha nyeusi, kisha uinamishe simu kidogo dhidi ya taa. Katika Galaxy Fold na Z Flip utauona na kuuhisi kwa kidole, kama bonde dogo. Razr inaupunguza sana, kwa sababu bawaba yake inakiacha kioo kijipinde kwa upana ndani ya mwili badala ya kukibana, na ikifungwa haiachi mwanya. Oppo Find N nayo ilifuata njia ya namna hiyo. Mate X inakunjika kwa nje, mzingo wake ni mpana, kwa hiyo haina bonde kali; bali ukinyoosha utaona mawimbimawimbi.

Ukubwa una kazi yake, na hapa kitabu hakina mshindani. Galaxy Fold ina inchi 7.3 ndani, Z Fold2 na Z Fold3 zina 7.6, Mate Xs ina 8. Nitoe mfano ulio karibu nami. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kila ukurasa mistari 15. Katika simu bapa ukurasa mzima unaingia, lakini irabu zinakuwa kama vumbi la wino, na mtu wa miaka hamsini lazima akuze, kisha asogeze kushoto na kulia, na mpangilio wa ukurasa aliouhifadhi kwa macho unapotea. Kwenye kitabu kilichofunguliwa ukurasa unakaa wote, shadda na madda zinaonekana, na jicho linajua aya ipo juu kushoto au chini kulia kama lilivyozoea. Baba yangu aliposoma juzuu moja kwenye simu yangu usiku wa Ramadhani hakuniuliza chochote kuhusu inchi. Aliuliza bei.

Filamu, kinyume chake, zinawadanganya wengi. Kioo cha kitabu ni karibu mraba, na filamu ni ndefu; mistari mipana myeusi inajaa juu na chini, na picha inayobaki haiizidi sana ile ya simu bapa kubwa. Anayenunua kitabu kwa ajili ya kutazama mpira au tamthilia atazame kwanza dakika kumi dukani.

Kijaluba hakikupi kioo kikubwa zaidi. Z Flip ni inchi 6.7, Razr 6.2, sawa na simu bapa. Kinachokupa, kwa Z Flip na Z Flip3, ni kukaa nusu wazi. Unaiweka juu ya mkeka, nusu chini nusu juu, inasimama yenyewe. Dada yangu huzungumza na shangazi yake aliye Maskati kwa video huku mikono yote miwili imo kwenye unga wa mandazi. Zamani simu ilikuwa ikiegemezwa kwenye kopo la sukari na kila baada ya dakika tano inaanguka.

Mchanga, maji na chumvi

Hapa ndipo kisiwa kinapoamua, na hapa ndipo makala nyingi zinazoandikwa na watu wa miji ya baridi zinapotupotosha, kwani wao hawaishi na mchanga.

Historia yenyewe ianze. Aprili 2019, siku chache kabla ya Galaxy Fold kuuzwa, waandishi waliopewa za kujaribu waliona vioo vinakufa mikononi mwao. Wengine walibandua utando wa juu wakidhani ni protekta ya dukani, kumbe ni sehemu ya kioo. Kwengine takataka ziliingia chini ya kioo na kukisukuma hadi kikatoa uvimbe. Samsung iliahirisha mauzo yaliyopangwa Aprili 26, ikairudisha sokoni Septemba ikiwa imewekewa vifuniko juu na chini ya bawaba, tabaka za chuma chini ya kioo, na utando uliofika hadi chini ya ukingo ili mtu asiubandue. Z Flip iliyofuata iliwekewa nyuzi kama za brashi ndani ya bawaba za kufagia vumbi.

Kampuni ilisema Galaxy Fold imekunjwa na kufunguliwa mara 200,000 katika majaribio, yaani kama mara 100 kwa siku kwa zaidi ya miaka mitano. Nayaamini majaribio hayo. Lakini mashine ile hukunja mahali safi, na wewe unakunja Jambiani.

Mimi nilikunja Jambiani. Maji yalikuwa yamekupwa, kusi inavuma, wanawake wako mbali kwenye mwani, nikafungua simu yangu ya kitabu kupiga picha. Dakika mbili, haikuzidi. Nilipoifunga nikasikia sauti ndogo, krr, kama mtu anayetafuna mchele wenye mchanga. Niliifuta, nikaipuliza, nikaiweka. Usiku nikaona nukta moja nyeusi kwenye mkunjo, ndogo kuliko kichwa cha pini. Siku ya tatu nukta ilikuwa mstari kutoka juu hadi chini. Fundi alipoifungua aliigonga taratibu juu ya karatasi nyeupe, zikaanguka punje tano za mchanga. Nilizihesabu. Punje tano zilikula mshahara wangu wa mwezi na zaidi.

Kwa hiyo tuzipime kwa haki. Kitabu cha 2019 na 2020 hakina kinga yoyote ya maji wala vumbi iliyothibitishwa. Kijaluba cha kwanza hakina pia. Razr ina mpako wa kuhimili matone tu. Ya kukunjika nje haina kinga iliyothibitishwa, na zaidi ya hapo kioo chake laini kiko nje saa zote, kinagusana na funguo, sarafu na mchanga wa mfukoni. Faida yake ni moja: kwa kuwa haifungwi kwa ndani, punje haiwezi kubanwa kati ya nusu mbili za kioo.

Z Fold3 na Z Flip3 za 2021 ndizo zilizobadilisha habari. Zina kinga ya IPX8, yaani zinahimili kina cha mita 1.5 kwa dakika 30. Watu husikia hivyo wakadhani wanaweza kuogelea nayo Nungwi. Soma herufi moja moja: nafasi ya X ni ya vumbi, na X maana yake upande huo haukupewa daraja. Na kipimo cha maji kilifanywa kwa maji matamu. Maji ya bahari ni kitu kingine. Chumvi ikikauka ndani ya bawaba inabaki humo. Kwa mvua ya masika, Z Flip3 nitaibeba bila wasiwasi mkubwa. Kwa ufukweni, hapana.

Simu bapa zilizo na kinga ya maji na vumbi pamoja zipo, na pale ambapo hazina, angalau hazina mwanya katikati ya mwili. Kwenye mizani hii simu bapa imezipita zote, na sioni sababu ya kuificha kauli hiyo.

Mkononi na mfukoni

Galaxy Fold ina uzito wa kama gramu 276, Z Fold2 282, Z Fold3 271, na Mate Xs 300. Namba hizi hazisemi kitu mpaka uvae kanzu. Simu ya gramu 276 ndani ya mfuko wa ubavu wa kanzu inaning'inia na kubembea kama jiwe la mizani, na ukienda rukuu inakugonga goti. Nilijifunza kuiacha kwenye viatu vya mwanangu, kisha nikaacha kwenda nayo msikitini kabisa.

Kioo cha nje cha Galaxy Fold ni inchi 4.6, chembamba na kirefu. Kuandika ujumbe humo kwa vidole vya mtu mzima ni kazi ya subira. Z Fold2 ilikitanua hadi inchi 6.2, na tangu hapo kitabu kikawa simu unayoweza kuitumia siku nzima bila kuifungua. Kama unachagua kati ya kitabu cha kwanza na cha pili, kioo cha nje pekee kinatosha kukufanya usubiri uongeze pesa.

Kijaluba ni gramu 183 kwa Z Flip na 205 kwa Razr. Kikifungwa Z Flip ni kama mraba wa sentimita 9 kwa 7, unene kama sentimita moja na nusu na ushei. Kinaingia kwenye mfuko wa shati, kinaingia kwenye pochi ndogo ya harusini, kinaingia kwenye kibindo cha kanga. Kioo cha nje cha Z Flip ni inchi 1.1, cha kuonea saa na jina la anayepiga. Razr ina 2.7, na unaweza kujibu ujumbe mfupi humo. Z Flip3 ina 1.9. Kuna raha yake nyingine ambayo sikuitarajia: kuikata simu kwa kuifunga. Tap. Mazungumzo yamekwisha.

Mate Xs ikifungwa ni nyembamba kuliko kitabu, kama milimita 11, lakini hujui uishike wapi, kwani kila unapoweka kidole ni kioo.

Betri

Zote betri zake zimegawanywa mbili, kila nusu na kipande chake. Kitabu cha Samsung kina kati ya 4,235 na 4,500 mAh (kipimo cha ujazo wa betri), ya kukunjika nje 4,500, Z Flip na Z Flip3 zina 3,300, na Razr 2,510. Razr ilikuwa ikilalamikiwa ilipokuwa mpya. Leo, betri ikiwa na umri wa miaka, usitarajie ifike Alasiri. Mate Xs inachaji kwa wati 55, haraka kweli. Galaxy Fold na Z Flip zinachaji kwa wati 15.

Umeme wetu huja kwa waya wa chini ya bahari, Unguja kupitia Fumba, Pemba kutoka Tanga. Waliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima gizani miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa maana ya betri inayodumu. Hali siku hizi si ile, lakini anayeishi mahali umeme unapokatikakatika aiweke mizani hii juu. Simu bapa ya bei ya kati yenye 5,000 mAh mpya itazishinda zote.

Laini, programu na umri

Wengi wetu tuna laini mbili: moja ya jamaa na kazi, nyingine ya pesa au ya vifurushi. Razr haina sehemu ya kuweka kadi ya laini hata moja. Inatumia eSIM tu, laini ya kidijitali isiyo na kadi. Kabla ya kutoa senti kwa Razr nenda kwanza kwenye duka la mtandao wako uulize kama watakuhamishia laini yako, tena uende na kitambulisho kwa sababu ya usajili wa alama za vidole. Galaxy Fold, Z Fold2, Z Flip na Z Flip3 za soko la kimataifa zina nafasi moja ya kadi pamoja na eSIM. Z Fold3 ya kimataifa ina nafasi mbili za kadi. Mate Xs nayo inapokea kadi mbili.

Mate X na Mate Xs zina kasoro ambayo bawaba haihusiki nayo. Vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 vilizikuta, hivyo hazina huduma za Google. Duka la Play halimo, ramani za Google hazimo, na programu nyingine zinazotegemea huduma hizo zinasumbua. WhatsApp inawekwa, na duka la Huawei lenyewe lina mengi, ila anayetegemea Google kwa kazi yake ya kila siku atachoka.

Umri nao. Simu za 2019 hazipokei tena matoleo mapya ya Android. Z Fold3 na Z Flip3 zilianza na Android 11 na kufikishwa hadi Android 15, kwa hiyo zina maisha marefu zaidi mbele ya programu za benki, ambazo huwa za kwanza kuikataa simu iliyozeeka.

Fundi na kipuri

Kwa simu bapa, kioo kikipasuka Jumatatu unaweza kuwa nacho kipya Jumatano. Kwa ya kukunjika mambo ni mengine. Kioo cha ndani mara nyingi huja pamoja na fremu na bawaba, kipande kizima, na lazima kiagizwe. Galaxy Fold ilipotoka, kubadilisha kioo cha ndani nchini Marekani kulikuwa dola 599 kwa asiye na ofa. Kioo cha Mate X nchini China kilipita yuan 7,000. Leo kipuri cha simu hizi kinaweza kukaribia bei ya simu nzima iliyotumika, na fundi mkweli atakwambia hivyo kabla hajashika bisibisi. Wangu aliniambia. Alisema, "Kaka, nitaitengeneza, lakini kwanza kaa ufikiri."

Kijaluba na kitabu viko sawa hapa. Mate Xs ni ngumu zaidi kwa sababu zilizouzwa ni chache, na Razr vilevile.

Ipi inamfaa nani

Kitabu kinamfaa msomaji na mtu wa karatasi: mwalimu wa skuli anayesahihisha kazi kwenye simu, mwenye nyumba ya wageni anayetaka kuona kalenda ya vyumba na ujumbe wa mgeni kwa pamoja, mtu wa makamo anayesoma msahafu. Sharti ni kwamba kazi yake iwe ndani ya kuta, na mfuko wake uwe mkoba.

Kijaluba kinamfaa anayetaka simu ya kawaida iliyo ndogo: mwenye pochi ndogo, mpiga video za kusimamisha simu, mtu anayetaka kupunguza kuchungulia kioo kila dakika. Ukiifunga, kuifungua tena kunahitaji nia, na nia hiyo ndogo imenipunguzia saa nzima ya kupitisha kidole kila usiku.

Ya kukunjika nje inamfaa mwenye upendo wa ufundi, ambaye tayari ana simu nyingine ya kazi. Ni nzuri kutazama, na jinsi kioo kinavyozunguka bila kukatika kunanivutia hadi leo.

Simu bapa inamfaa anayefanya kazi nje. Nahodha, mkulima wa mwani, muongoza wageni wa ufukweni, mtu wa bodaboda, mwanika karafuu. Hawa wasishawishike.

Kwa hali yako

Kama una pesa ya kitabu cha 2019 tu na huna ya akiba kwa ajili ya kioo, usinunue. Ama ongeza ufike Z Fold3, ama chukua simu bapa na tableti ndogo ya mtumba; viwili hivyo pamoja vinaweza kukutosha, na kimoja kikivunjika unabaki na kingine.

Kama uko Mji Mkongwe, kazi yako ofisini, jioni Forodhani kwa urojo na kurudi nyumbani, Z Flip3 au Z Fold3 zote zinakaa vizuri na maisha hayo. Chagua kwa kujiuliza unasoma sana au unapiga simu sana.

Kama unaishi Paje, Jambiani, Nungwi au Makunduchi na mchanga unaingia hadi kitandani, na moyo umekwishashikwa na ya kukunjika, chukua kijaluba kuliko kitabu: mkunjo wake ni mfupi, na mwanya wa kuingiza punje ni mdogo. Kiweke kwenye kimfuko cha nguo chenye kufungwa, usikifungue nje upepo ukivuma.

Kama uko Wete au Chake na fundi wa simu hizi lazima umfuate Unguja, hesabu nauli ya boti mara mbili na siku za kusubiri kipuri kama sehemu ya bei. Ukishaziongeza, simu bapa huwa karibu zaidi na akili, isipokuwa kwa msomaji ambaye macho yake yanahitaji kile kioo kikubwa. Huyo namwambia achukue Z Fold3 na aitunze ndani.

Kama unamnunulia mzazi kwa ajili ya kusoma, mpe aishike akiwa amekaa, kwa dakika ishirini nzima. Gramu 271 hazionekani dakika ya kwanza.

Na hali yoyote iwayo, ukishafika dukani fanya haya kabla ya kutoa pesa. Bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uhakikishe inalingana na ya kwenye kasha na kwamba simu si ya kufungiwa mtandao; tangu Juni 2016 TCRA ilipozima simu bandia, hili si la kupuuza. Weka picha nyeusi tupu, kisha nyeupe tupu, uangalie mkunjo kuanzia juu hadi chini kutafuta nukta. Hakikisha utando wa juu haujabanduliwa wala haujaanza kuinuka pembeni. Kama ni Z Flip, Z Flip3, Z Fold2 au Z Fold3, ifungue nusu uiweke mezani: bawaba nzima inabaki pale ulipoiacha, iliyochoka inaanguka. Kisha omba feni izimwe na redio ipunguzwe, isogeze simu sikioni, uikunje polepole mara tatu. Ukisikia krr, irudishe kwa muuzaji, umshukuru, utoke.